Nanasi la Mtu Mmoja

Tulimzika Mama Atieno nyumbani kwake upande wa Sondu, jua likiwa kali mpaka turubai lilinuka. Mwenye kuongoza shughuli alinipa kipaza sauti, akawaambia watu kwamba sasa watasikia neno kutoka kwa rafiki wa marehemu, mama aliyetoka mbali, Nyeri, na kwamba mama atasema kwa ufupi kwa sababu mvua ya jioni haina adabu. Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa jirani yangu Kaloleni tulipokuwa vijana, kwamba alikuwa mtu mwema, na Mungu amlaze mahali pema. Nikaketi. Watu walipiga makofi ya heshima, na mzee mmoja kando yangu akaninong'oneza kuwa nimesema vizuri. Sikuwa nimesema kitu. Nilirudi kwangu nikiwa na hasira na mimi mwenyewe, maana yule mama alinifanyia jambo ambalo haliingii katika neno "mwema", na watoto wake, isipokuwa Atieno, hawalijui. Hapa hakuna mvua wala mwongozaji, kwa hivyo nitalisema lote.

Nilipelekwa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya sabini, msichana aliyemaliza mafunzo ya kupiga taipu juzi tu, nikaambiwa nitapata nyumba nikifika. Nilichopata ni chumba kimoja Kaloleni, katika nyumba ya halmashauri ambayo vyumba vyake vingine alikaa Mama Atieno na watoto wake. Mumewe alifanya kazi kwenye meli na hakuonekana sana. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, meza iliyochechemea, dirisha moja lililotazama uani, na ukuta ambao aliyeujenga alichoka kabla ya kufika juu. Pale ukuta ulipoishia na mabati kuanzia palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na kila kitu kilipita hapo: moshi, harufu ya samaki, kikohozi, sala, na matusi ya asubuhi kwa mtoto aliyelowesha kitanda. Nilikuwa nasikia familia nzima ikiishi huku nimelala chali nikitazama buibui. Ilikuwa pia miaka ambayo watu wa kwetu na watu wa ziwani walitazamana kwa pembeni, kwa mambo ya siasa ambayo mimi na jirani yangu hatukuyaanzisha. Ofisini waliniita Bi Nyambura kwa adabu kubwa, na saa ya chakula ikifika waliondoka bila kuniita.

Haikusaidia kwamba tulianza vibaya kwa ajili ya samaki. Juma la kwanza tu, Mama Atieno alimtuma binti yake, Atieno, mtoto wa darasa la pili mwenye pengo la meno ya mbele, aniletee sahani iliyofunikwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, nikafikiri, nikafunua kwa furaha. Ndani palikuwa na ngege mzima, kichwa na mkia, na alikuwa ananitazama. Kwetu milimani samaki hatukumjua. Mimi nilikuwa sijawahi hata kumgusa. Nilikaa naye mezani muda mrefu tukitazamana, yeye na mimi, mwishowe nikampa paka aliyekuwa akilia mlangoni. Sahani niliiosha vizuri, nikatia ndani yake ndizi mbivu, nikairudisha na shukrani nyingi. Sikujua paka alikuwa wa Mama Atieno, na kwamba alikwenda kumalizia mifupa jikoni kwake, mbele ya watu. Sahani nyingine haikuja.

Hapo nikaanza kula peke yangu, na sijui kama vijana wa leo, wanaokula wakiwa na simu mkononi, wanajua jambo hilo lilivyokuwa. Mimi nilikulia kwenye sufuria kubwa na baadaye kwenye meza ndefu za shule ya bweni. Sikujua kupika kwa kipimo cha mtu mmoja. Ugali wangu ulibaki, maharagwe yangu yalichacha. Lakini kilichonishinda hasa ni nanasi. Wanawake kutoka upande wa Sondu walileta sokoni mananasi makubwa, yenye harufu inayokufuata hadi kazini, na Jumamosi sikuweza kupita bila kununua. Nikishalikata nilikula kipande, cha pili, ulimi ukaanza kuwasha, na nusu iliyobaki ikaanza kutoa povu kesho yake. Mtaa wa Milimani hapo mjini, kwa wakubwa, kulikuwa na friji. Kaloleni tulikuwa na beseni la maji. Nikalitazama lile nusu nanasi likinifia mezani na nikalia, jambo ambalo nikilikumbuka leo linanichekesha, mtu mzima kulilia tunda. Nanasi halikuumbwa kwa ajili ya mtu mmoja, nami ndimi niliyekuwa huyo mtu mmoja.

Ndipo nikakumbuka matunda ya kuchemshwa tuliyopewa shuleni siku za Jumapili, plamu na mapeasi katika maji matamu, na nikaamua kuyapika kwa matunda ya huku. Sina siri ya kuficha. Ni chakula chepesi kuliko chai. Nilivunja sukari nguru kwa kisigino cha kisu, nikaichemsha na maji juu ya jiko la makaa, nikaengua povu jeusi na kuchuja kwa kitambaa, maana nguru za siku zile zilikuja na vijiti vya miwa ndani yake. Maji yakirudi motoni nilitia kipande cha mdalasini kutoka duka la Mhindi, kisha nanasi kwanza kwa kuwa ni gumu, kisha mapera niliyoyakwangua mbegu. Papai niliweka mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshuka chini, ili joto lililobaki liliivishe bila kulivunja. Nikakamua ndimu, nikafunika, nikaikalisha sufuria ndani ya beseni la maji hadi jioni. Yale maji yakawa na rangi ya chai ya rangi, na chumba changu kwa mara ya kwanza kikanuka kama mahali ambapo mtu anaishi. Yalidumu hadi Jumanne. Kila jioni nilijitilia kwenye bakuli la bati, nikaomba kwa sauti kwa lugha ya nyumbani ili nisikie lugha ya nyumbani, nikala.

Aliyeifuata harufu ni Atieno. Alikuja akasimama mlangoni, mguu mmoja ukikwaruza mwingine, akauliza, "Auntie, unapika nini inanukia hivyo?" Nikamwambia aketi. Akaketi kwenye kizingiti, nikampa bakuli langu na kijiko changu, na mimi nikakaa kitandani nikamtazama. Nataka msomaji aelewe namna nilivyomtazama. Nilikuwa sijaona mtu akila chakula changu tangu nije mjini ule. Nilitazama kijiko kikishuka na kupanda, nikatazama ulimi ukitokea kwenye lile pengo kulamba maji ya utamu, nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Alikuja tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Na kwa sababu moyo ulikuwa umeonja, nikaanza kutoa kigoda mlangoni jioni, watoto wa uani wakizunguka sinia lao la ugali na omena, nami nikawatazama wanavyokula, wanavyonyang'anyana, wanavyolamba vidole. Nilikuwa nakula kwa macho. Sikujua kuna watu duniani ambao hilo kwao halisemwi kwa mzaha.

Kisha Atieno akashikwa na tumbo. Ilikuwa msimu wa maembe mabichi. Watoto wote wa mtaa walikuwa wakiyala kwa chumvi, magumu kama mawe, na mimi mwenyewe nilimwona mchana ule akiwa nayo mfukoni. Jioni nilimsikia upande wa pili wa ukuta akilia, akitapika, akilia tena. Wanawake wakaingia. Aliitwa bibi mmoja wa kusugua tumbo, nikamsikia akiguna na kutema mate na kuuliza maswali kwa Kijaluo, na Mama Ouko wa nyumba ya mbele, mwanamke mwenye sauti ya kuitia feri, akimjibu. Kijaluo nilikuwa nakijua kwa kuokota. Niliokota "nyar Kikuyu", ambaye ni mimi, na neno moja lililorudi tena na tena: sihoho. Nilisimama katikati ya chumba, chungwa mkononi, nikitaka kwenda kusema ni maembe, lakini sikwenda. Asubuhi mtoto alikuwa mzima, anaruka. Mlangoni kwangu hakuja.

Ofisini nilimuuliza Mzee Okumu, tarishi wetu, mtu mpole ambaye alinisalimia hata siku ambazo hakuna mwingine aliyenitazama. Akaweka chini treya ya chai kabla ya kunijibu. "Hiyo neno umetoa wapi, binti yangu?" Nikamwambia. Akakuna kichwa. "Ni macho. Kuna watu, mtu akikula mbele yao, wakimwangalia tu, chakula inakaa vibaya kwa tumbo. Sio eti wanataka. Wengine hata hawajui wako nayo. Sasa wewe usisimame penye watu wanakula. Ukiona mtu ako na sahani, angalia kando." Nikamuuliza kama yeye anaamini. Akachukua treya yake. "Mimi ni Mkristo," akasema, na nikaona kuwa amejipanga vizuri ili nisimwone akimeza kipande cha mkate alichokuwa nacho.

Kuanzia hapo sahani zilifunikwa nikipita. Hakuna aliyenitukana, laiti wangenitukana. Nilitoka kazini, nikaingia uani, na vifuniko vikalia, kimoja, kingine, kingine, kama watu wanaofunga maduka. Watoto waliitwa ndani. Kwenye mfereji wa pamoja walinipisha kwa upole, nichote niondoke. Niliondoa kigoda mlangoni. Niliacha kutazama watu kabisa, na mtu asiyetazama watu huwa anatazama viatu. Hadi leo naweza kukueleza viatu vya Kaloleni kuliko nyuso. Jumamosi niliendelea kununua nanasi kwa ukaidi tu, nikapika sufuria ile ile, nikala peke yangu mpaka Jumanne huku nikisikiliza ukuta. Walikuwa wanacheka upande ule. Mama Atieno alikuwa na kicheko kinachoanza kwa kikohozi, na kila kilipoanza niliacha kutafuna ili nisikie mwisho wake. Kuna upweke wa kukaa jangwani, na kuna huu wa kukaa hatua mbili kutoka kwenye kicheko. Huu ndio mbaya. Nikaanza kufikiri kuwa labda ni kweli, labda ninalo hilo jicho na kwetu hawakuniambia. Nikajitazama kwenye kioo cha mkononi, msichana wa umri ule, nikitafuta ubaya machoni mwangu. Mwisho nikaamua: mwisho wa mwezi nitaacha kazi, nirudi nyumbani, niseme joto lilinishinda. Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo. Kazi ya serikali haikuwa kitu cha kutupa, na nilijua kwamba nikirudi safari ile, sitatoka tena.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Wanawake walikuwa uani wakisukana, Mama Ouko ameketi mkekani na nusu ya kichwa imesimama wima. Mimi nilikuwa ndani, mlango wazi kwa ajili ya joto, macho chini. Nikasikia kitu kinaburutwa kwenye saruji, nikaona viatu vyeupe vya kanisani, na juu ya viatu alikuwa Mama Atieno, mkono mmoja ameshika kigoda, mwingine ameshika kijiko.

"Hodi."

"Karibu ndani, Mama Atieno."

"Ndani siingii. Nakaa hapa kwa mlango." Akaweka kigoda pale ambapo uani kote wangemwona. "Iko ile kitu yako ya matunda?"

"Iko."

"Leta. Leta na sufuria."

Nikaleta. Akaipokea akaiweka mapajani, juu ya gauni lake la Jumapili, akafunua. Uani mikono ilikuwa imesimama kwenye nywele. Akaninyooshea kijiko. "Sasa kaa hapo mbele yangu. Niangalie."

"Mama, siwezi. Wanasema..."

"Mimi najua wanasema nini. Mimi pia nimesema. Niangalie mimi nikikula. Usiangalie chini, Nyambura, chini hakuna kitu. Macho hapa."

Mama Ouko alipaza sauti kwa Kijaluo, nami nilielewa kila neno: wewe Mama Atieno, wewe una watoto. Na Mama Atieno akamjibu kwa Kiswahili, akiwa ananitazama mimi, ili nisikose kusikia. "Na huyu ni mtoto ya mtu. Kila jioni nasikia kijiko yake kwa ukuta. Kijiko moja. Inagonga bakuli, inanyamaza, inagonga tena. Halafu anaomba Mungu na hiyo lugha yao, peke yake, sauti juu, kama mtu ako na wageni. Nimesikia hiyo kitu mpaka chakula yangu mwenyewe hainipiti. Sasa kama ni macho, wacha ikuwe macho. Nimechoka."

Akachota. Kijiko kilisimama kabla ya kufika mdomoni, na tone la maji ya sukari likaangukia gauni. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nimekibeba maisha yangu yote: Mama Atieno alikuwa anaogopa. Hakuja kuwafundisha wenzake kwamba sihoho ni uongo. Aliiamini kama alivyoamini kuna ziwa, na aliamini kwamba huenda ninayo. Alijua hivyo, akatia kijiko mdomoni, akatafuna nanasi langu, akameza. Nikamtazama. Machozi yalinitoka, lakini sikuyaondoa macho, kwa kuwa aliniomba. Akala kijiko cha pili, cha tatu, akaanza kukwangua chini.

"Ndimu imezidi," akasema.

Nikacheka kwa sauti ya ajabu iliyokuwa imekaa siku nyingi bila kutumika. Naye akaanza kile kikohozi chake, kikawa kicheko, na safari hii nilikiona kikianza na nikakiona mwisho wake. Akaniita kwa mkono nisogee, akanipa kijiko kile kile.

Kesho yake asubuhi uani walikuwa wanangoja. Mfereji ulikuwa na wanawake wengi kuliko ndoo. Mama Atieno alitoka, ndoo kichwani, akiimba wimbo wa kanisa kwa nguvu ambayo Jumatatu haihitaji, akachota maji, akarudi. Baadaye sana aliniambia kwamba alikuwa amekesha amelala chali, mikono juu ya tumbo, akilingoja lianze. "Kila kitu ikinguruma nasema, haya, ndio hiyo imekuja." Atieno alirudi kizingitini jioni ile ile. Wengine walichukua muda, na wapo ambao hawakufunua sahani zao kamwe, nami siwalaumu, hofu haiondoki kwa kijiko kimoja. Mama Ouko alikuja karibu na Krismasi, akasimama mbali kidogo, akauliza kama ile kitu inaweza kupikwa na sukari ya kawaida. Nguo nilizikunjua. Nilikaa Kisumu mpaka ndoa iliponiondoa, na samaki nilijifunza kumla, nikianzia mkiani, upande usio na macho.

Miezi michache kabla ya mazishi, Atieno, ambaye sasa ni nyanya mwenye meno ya kununua, alinipigia simu. Mama anakataa chakula. Amegeukia ukuta, haoni tena, hatambui watu, kila kijiko kikifika anafunga mdomo. Nilikwenda. Nikapita sokoni Sondu nikanunua nanasi, nikaulizia nguru mpaka nikaipata, nikapika jikoni kwao kwa ule utaratibu wa zamani na nikapunguza ndimu. Nikaketi kando ya kitanda. Alikuwa amebaki mdogo, uso ukutani, shuka hadi kidevuni. "Mama, ni mimi, Nyambura." Nikapeleka kijiko, akafunga mdomo. Nikajaribu tena, na tena, hadi maji yakamwagika kwenye mto. Atieno akatoka nje ili nisimwone analia. Nami nilikuwa nimechoka kwa safari, sijala tangu asubuhi, na sikujua jingine la kufanya. Basi nikaanza kula mwenyewe. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Kijiko kiligonga bakuli, kikanyamaza, kikagonga tena.

Shuka likasogea.

"Ni nani huyo," akasema, sauti ikitoka mbali, "anakula peke yake?"

"Ni mimi, Mama."

Akageuza uso kutoka ukutani, pole pole, akautafuta upande niliokuwa, macho yake meupe. Akafungua mdomo kidogo.

"Niangalie," akasema.

Nikamwangalia, mpaka bakuli likaisha.